Ujia wa Jivraji

Kwanza ulikuwa uchochoro wa maji machafu
kati ya ghala la chumvi na nyumba ya fundi saa.
Jivraji aliununua kwa bei ya uchochoro,
akauezeka vioo, mia mbili na kumi na viwili,
vilivyoshuka melini vimelazwa katika majani makavu
kama mayai.
Akatia milango miwili, mmoja kila upande,
na katikati maduka kumi na manne yakatazamana
kama wageni wa karamu wanaongoja sinia.

Tanga haikuwa imeona jambo hilo:
masika yanapiga juu,
nawe chini, mkavu, unachagua vifungo.
Wengi walikuja kusikiliza mvua tu.
Walisimama, nyuso juu, midomo wazi,
mpaka bawabu Semhando awaambie:
"Mbingu ya bure iko nje. Humu, tembea."

Na mlangoni, kibao:
PEKUPEKU MARUFUKU.

Hapo ndipo anapoingia bibi yangu.

Mwanamkasi, Mdigo wa Ngamiani, barabara ya kumi na moja,
hakujua kusoma.
Kibao alikielewa kwa kutazama nani anarudishwa.
Wakata mkonge, siku ya mshahara,
pesa imefumbatwa ngumini,
nyayo zimepasuka kama tope la kiangazi:
wanarudishwa.
Kesho yake alitandika gunia, hatua nne kutoka mlangoni,
akapanga katambuga, jozi tisa.
Senti tano kuingia. Ukitoka, vua.

Saizi? Saizi ilikuwa ya gurudumu la lori.
Mguu uliozidi, kisigino kilining'inia nyuma;
uliopungua, ulifungwa kwa kamba ya mkonge.
Mtu ameukata mkonge mwezi mzima,
sasa mkonge unamfunga mguu
ili akamnunulie mkewe kanga.

Jivraji alijua. Kila asubuhi alipita akijifanya anatazama saa.
Mwezi wa tatu alimtuma kijana:
gunia nalo lilipe kodi.
Bibi akajibu, "Kamwambie mlango ni wake, miguu si yake."
Akalipa, lakini.
Sehemu hiyo hakupenda kuisimulia.

Mwaka wa Uhuru kibao kiling'olewa.
Semhando alikwenda nacho kuzibia banda la kuku.
Watu wakaingia na miguu waliyozaliwa nayo,
na bibi alipiga vigelegele mpaka koo likakauka,
kisha jioni akakaa na jozi zake sita,
hana mteja.
Furaha nayo ina njaa yake.

Baadaye ikaja kamba ya nailoni. Mkonge ukaanguka bei.
Majengo yakataifishwa; mwana wa Jivraji
alikabidhi funguo kumi na sita juu ya sahani ya bati,
akaomba risiti.
Maduka yalifungwa kuanzia katikati kuelekea nje,
kama mtu anayezima taa huku akirudi kinyumenyume.
Kioo kikivunjika, bati.
Kingine, bati.

Jana nilihesabu: vimebaki saba.
Chini yake kuna fundi simu, msusi,
na kijana wa chaja anayeandika bei kiganjani,
maana mvua ikinyesha bati hupiga kelele
na hakuna anayemsikia mwenzake.

Nimesema jozi sita. Zilikuwa tisa.
Tatu hazikurudi kamwe.
Watu watatu, kwa siku mbalimbali,
waliingia kwa mlango wa sokoni
wakatokea kwa mlango wa stesheni.
Bibi aliwahesabu mpaka kitandani pa mwisho,
mmoja alimkumbuka kwa kidole kilichokatika.
Hakuwalaani.
"Duka lina mlango mmoja," alisema.
"Ule ulikuwa njia. Wao ndio waliouelewa."

Mimi hupita moja kwa moja, sinunui kitu.
Nikitokea upande wa pili
huinama kidogo, nikatazama miguuni.